Sendofu Bila Viza

Niliagwa na mtaa mzima wakati sina viza, sina tiketi, na hata kazi yenyewe niliyokuwa naiendea ilikuwa haijapata kibali. Nilichokuwa nacho ni sanduku. Lilikuwa sanduku zuri, la magurudumu manne, limefungwa utepe mwekundu kwenye mkono ili nisije nikalichanganya na la mtu mwingine huko ughaibuni, na ndani yake kulikuwa na kilo tano za korosho.

Watu nikiwasimulia huwa wananionea huruma, wanadhani nilitapeliwa. Sikutapeliwa. Wote waliohusika walikuwa wananipenda, na hilo ndilo lilileta matatizo.

Mie nimesoma mpaka kidato cha nne, kisha nikachukua cheti cha ualimu wa chekechea. Nilikuwaga nafundisha Temeke, kwenye kachekechea ka vyumba viwili, jirani kabisa na nyumbani kwetu. Kiingereza changu hakikuwa cha kutisha, ila nilikipenda, nacho naamini kilinipenda kidogo. Usiku wa kuamkia Jumatatu nilikuwa nikiota nafundisha mahali kuna theluji, watoto wamevaa kofia za sufu, na mie nimevaa koti refu. Mama alikuwa akiniamsha katikati ya somo.

Basi siku moja kwenye grupu la walimu la simu pakatumwa tangazo. Kambi ya likizo, nchi moja ya Asia ambayo sitaitaja kwa sababu natamani waniite tena. Walimu wa muda mfupi, miezi mitatu, kufundisha watoto wadogo Kiingereza cha kuongea. Wanaotaka kujaribu watume maombi na wafundishe kipindi cha dakika kumi mbele ya kamera.

Nilifundishia darasani kwangu, simu imesimamishwa juu ya ndoo. Zana yangu ilikuwa ndizi moja. Nikasema kwa Kiingereza, hii ni ndizi, semeni wote. Wakasema wote, hii ni ndizi. Nikageuka kuandika ubaoni. Niliporudisha uso, binti wa miaka minne aliyekaa mbele alikuwa anatafuna zana, ametulia, ananitazama kama mtu aliyeelewa somo. Nikaona dakika zinakwenda, nikaendelea tu. Hii ilikuwa ndizi, semeni wote. Wakasema wote, hii ilikuwa ndizi. Madamu, mkuu wa shule inayoendesha kambi ile, aliyekuwa akinitazama moja kwa moja kwenye kioo cha simu, alikuwa amevua miwani anafuta macho. Kesho yake akaniandikia kwamba nafasi ni yangu, nikikamilisha kibali cha kazi.

Hapo ndipo alipoingia mjomba.

Mjomba wangu ni wakala wa forodha Kurasini. Kazi yake ni kutoa makontena bandarini, na ameifanya miaka mingi kiasi kwamba kila kitu kwake kimekuwa kontena. Mgonjwa akilazwa, anauliza anatoka lini na karatasi zake ziko kwa nani. Alipofika nyumbani alikuja na faili jipya la bluu, juu yake ameandika kwa kalamu nene: MZIGO – MPWA.

"Mjomba, hii si mzigo, ni kazi," nikamwambia.

"Una nyaraka?"

"Ndiyo, zinatakiwa."

"Kuna ofisi itazigonga muhuri?"

"Ipo."

"Na baada ya muhuri unaruhusiwa kutoka?"

"Eeh."

"Sasa we mtoto unanibishia nini?"

Nyaraka zenyewe zilikuwa hivi: pasipoti, cheti changu cha ualimu kilichothibitishwa wizarani, hati ya polisi ya alama za vidole, cheti cha daktari, na picha. Shule ingezipeleka kwenye ofisi yao ya kazi, ofisi ingetoa kibali, kibali kingekuja kwangu, na mie ningekipeleka ubalozini kuombea viza. Ubalozi wao hauko Dar, uko Nairobi. Nimeandika mstari mmoja, lakini kwenye mwili wangu ulikuwa ni jua, foleni, na wino wa vidole ambao ulichukua siku tatu kutoka, watoto wa chekechea wakiniuliza nimeshika nini.

Picha nilikwenda kupigia Manzese, kwenye studio iliyosifiwa na kila mtu. Mpiga picha akanikalisha mbele ya kitambaa cheupe.

"Sista, ya viza hiyo. Usicheke."

Nikajitahidi.

"Bado unacheka."

"Sicheki, ndivyo nilivyo."

"Mfikirie mtu anayekudai."

"Hakuna anayenidai."

"Basi mfikirie mtu aliyekufa."

Nikamfikiria bibi yangu, lakini bibi alikuwa mchekeshaji, ikawa mbaya zaidi. Tulirudia mara nyingi mpaka wateja wakaanza kusimama mlangoni kushauri. Mwishowe ikapatikana moja. Nilipoiona baada ya kusafishwa, niliisogeza karibu na macho. Nilikuwa nimevaa koti jeusi la kiofisi na shati jeupe, wakati nilikuja na gauni la maua. Ngozi imekuwa laini kama chupa. Kovu langu la kwenye paji, ambalo nililipata nikiwa mdogo kwa kugonga meza, halikuwepo. Hata pua ilikuwa imepunguzwa kidogo kwa wema.

"Nimekufanyia kama zawadi," mpiga picha akasema. "Wazungu wakiiona hii wanakupa na uraia."

"Si Wazungu, ni Asia."

"Watakupa tu."

Nikafurahi. Sitadanganya, niliifanya picha ya kwenye simu. Mjomba akaiweka kwenye faili, nyaraka zikaenda.

Sasa niseme kuhusu mama, maana bila yeye hakuna hadithi. Mama ni mtu wa Masasi, fundi cherehani. Mtaani kwetu binti akipata mchumba, kabla ya harusi anafanyiwa sendofu, na sendofu bila sare ya kitenge haijakamilika. Sare zote za mtaa zimepita kwenye cherehani ya mama. Ameshona za mabinti niliosoma nao, kisha za wadogo zao, kisha za waliokuwa wanafunzi wangu wa kwanza kwenye mafunzo ya Jumapili. Kila mara anamaliza kushona usiku, asubuhi anavaa, anakwenda kukaa viti vya nyuma na sindano kwenye kilemba, endapo pindo la mtu litaachia. Mie ndiye mtoto wake pekee, na mchumba sina. Hakuwahi kunisema. Ila nilikuwa namwona anavyokunja vipande vinavyobaki, anaviweka kwenye mfuko mmoja, hataki kuvitupa.

Jioni moja mjomba akaja akahesabu kwa vidole, kama anavyohesabu meli. "Nyaraka zimeondoka. Zinafika wiki hii. Siku ishirini na moja, binti anatoka. Andaeni shughuli."

"Shughuli gani?" mama akauliza.

"Si anaondoka? Mtoto akiondoka nyumbani anaagwa."

Mama akaendelea kupiga cherehani. Alipofika mwisho wa mshono akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kitenge cha zambarau kitampendeza."

Nilitakiwa niseme tusubiri viza. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimwangalia mgongo wake ulivyokaa, umenyooka kidogo kuliko siku nyingine, nikameza.

Sendofu ilifanyika Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa chekechea. Mtaa mzima zambarau. Mshereheshaji alikuwa hajawahi kuongoza sendofu isiyo na mume ndani yake, na makaratasi yake yalikuwa ni yaleyale ya siku zote. Katikati ya shughuli akatangaza, "Sasa tunaomba upande wa bwana harusi usimame, tuwatambue."

Watu wakaangaliana. Mjomba akasimama na faili.

Wakampigia makofi. Jirani yetu muuza maandazi, ambaye huwaga hakosi la kusema, akapaza sauti kutoka kwenye meza ya tatu: "Bwana harusi mzee, lakini nyaraka zake ziko vizuri."

Mama siku hiyo alikaa mbele. Alilishwa keki na mie, nami nikalishwa na yeye, na kilemba chake hakikuwa na sindano.

Ilikuwa niondoke Jumanne. Hayo ndiyo mahesabu ya mjomba, na Kosta ya kunisindikiza uwanja wa ndege ilikuwa imeshakodiwa. Jumapili nikitoka kanisani, barua pepe ikaingia. Ofisi ya kazi ya huko imerudisha nyaraka. Mtu aliye kwenye picha na mtu aliye kwenye pasipoti wanaonekana ni watu wawili. Tafadhali tuma picha ya mwombaji mwenyewe, na maombi yataanza upya.

Nilisoma mara nne. Kisha nikaenda kwenye kioo kuangalia pua.

Mjomba hakutikisika. "Ishu ndogo hiyo. Kontena huwa linafika kwanza, ndiyo linatolewa. Omba viza ya matembezi, nenda, tutakutoa hukohuko."

Ilinivutia, nakiri. Ningesafiri wiki ileile au inayofuata, mtaa ungebaki unajua nilivyoondoka, na mama asingepata aibu. Nikamwandikia madamu kumuuliza kama inafaa. Alijibu kwa upole na kwa kifupi: "Ukija na viza ya matembezi, njoo utembee, nitakupeleka sokoni. Lakini darasani usiingie. Tuliwahi kuwa na mwalimu aliyefanya hivyo, akachukuliwa katikati ya kipindi, watoto wakalia wiki nzima. Subiri kibali. Kambi hii ikikupita, ipo ya likizo ijayo."

Ile ya watoto kulia ndiyo iliyonimaliza. Nilimwona yule binti wa ndizi, amekaa mbele, mwalimu anaondolewa, ndizi imebaki mezani na hana hamu nayo. Nikamwambia mjomba siendi kwa njia hiyo.

Akafunga faili taratibu. "Tangu nianze kazi hii sijaona kontena linakataa kuondoka."

Tukabaki sie watatu sebuleni. Mie nikasema nitatoka nikawaambie majirani ukweli, nitaanza na muuza maandazi halafu habari zitajipeleka zenyewe. Mama alikuwa ameshika sare yake, anaikunja na kuikunjua.

"Wameshafua sare waivae tena Jumanne," akasema. "Wameniambia hawajawahi kusindikiza mtu uwanja wa ndege." Kisha akasema lingine, polepole. "Nilikaa mbele, mwanangu. Siku moja tu."

Hakuna aliyepanga uongo. Ulijipanga wenyewe. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ukiifuata mbele bila kuingia uwanjani, inakufikisha Gongo la Mboto, na Gongo la Mboto anakaa mama mdogo, mdogo wake mama.

Jumanne Kosta ikajaa zambarau. Waliimba njia nzima. Mlangoni pa abiria wanalia, wananikumbatia, jirani muuza maandazi ananishika mashavu ananiambia nisiolewe na mtu asiyejua kula ugali. Nikavuta sanduku mpaka kwa mlinzi.

"Tiketi, dada."

"Sina, kaka yangu."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Gongo la Mboto."

Akaniangalia, akawaangalia wale watu thelathini wanaopunga vitambaa.

"Nisaidie nionekane kama naingia," nikamwambia. "Dakika tano tu, mpaka gari liondoke. Nina korosho."

Yule kaka alikuwa na mama yake mahali fulani, nina hakika. Alinisimamisha nyuma ya nguzo, akajifanya anakagua sanduku, akafungua, akachota korosho konzi moja, akafunga. Kosta ilipoondoka akaniitia bajaji. "Safari njema," akaniambia, na hakucheka.

Kwa mama mdogo nilikaa ndani kama mwali. Alinipa chumba cha uani, karibu na banda la kuku. Kitu cha kwanza tulichofanya ni picha mpya: shuka jeupe ukutani, gauni la maua, kovu, pua yangu yote. Nilipotakiwa nisicheke nilimkumbuka mama alivyosema siku moja tu, na uso ukatulia wenyewe mara moja. Nyaraka zikaenda upya.

Majirani wakataka kunisikia. Kila Jumapili nikawa natuma voisi kwenye simu ya mama, naye anaiweka sauti ya juu mbele ya cherehani, watu wanakusanyika. Nilikuwa nachunguza kwenye mtandao hali ya hewa ya nchi ile, halafu nasema. Jamani huku baridi. Huku wanakula kwa vijiti. Siku nyingine sikusema uongo sana, nilisema tu nimewakumbuka, na hilo lilikuwa kweli, maana walikuwa umbali wa nauli moja.

Voisi ya tatu nilirekodi asubuhi. Nikiwa katikati ya kueleza theluji, akapita uchochoroni yule muuza dawa mwenye kipaza sauti, na ile rekodi yake isiyochoka: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Sikumsikia. Ukikaa Dar humsikii tena, ni kama mapigo yako ya moyo. Wala sikusikia wanajeshi wa kambi ya karibu waliokuwa wanapita mchakamchaka wakiimba. Nikatuma.

Siku mbili baadaye geti likagongwa. Mama mdogo akafungua, nami nikasikia sauti ninayoijua ikisema, "Shikamoo sitaki, wewe ni mdogo wangu. Nimemletea mwalimu maandazi. Najua huko Asia hayapatikani."

Nilitoka chumbani nikiwa nimeshika mdomo. Nikampigia magoti, shikamoo, akaniitikia marahaba, akakaa kwenye ndoo.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Nchi zenye dawa ya panya ni nyingi, mwanangu. Yenye dawa ya panya na wanajeshi wanaimba Kiswahili, mie naijua moja, na mama yako ana mdogo wake huko."

"Na wengine?"

"Walikuwepo wote. Fundi viatu wetu ndiye aliyesema kwanza, eti theluji hiyo imeyeyukia Pugu, hapo mbele tu."

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote: picha, pua, kibali, viti vya mbele. Alisikiliza huku anakula korosho zangu. Nilipomaliza akajifuta mikono.

"Mama yako anajua kwamba sie tunajua?"

"Hajui. Anajua mmeamini."

"Hakuisikia dawa ya panya?"

"Nadhani cherehani ilikuwa inalia."

"Basi asijue," akasema, na hapo kwa mara ya kwanza nilimwona hana utani. "Sare ya binti yangu alinishonea bila kupokea hela, na mie nilimwambia nitalipa, na hajawahi kuniuliza. Mtaa ule kila mtu ana habari yake kama hiyo. Wewe endelea kutuma. Ila rekodi mchana, na ufunge dirisha."

Ikawa hivyo. Mama anawadanganya majirani ili asiaibike, majirani wanajifanya wamedanganyika ili asiaibike, na mie nimekaa katikati, kwenye chumba cha kuku, nikiwadanganya wote kwa baraka zao. Mama alinisimulia kwa simu, ana furaha: "Leo wameniuliza kama umepata soksi nzito. Wanakujali sana." Nikasema eeh mama, wananijali.

Tatizo likawa kalenda. Mkataba ulitangazwa kwenye sendofu kuwa ni wa miezi mitatu, na miezi ilikuwa inakwenda. Muuza maandazi akanipigia: "We mtoto, kwa mwendo huu utarudi kabla hujaenda." Mama naye akaligundua, akawatangazia kwamba nimeongezewa mkataba kwa kufundisha vizuri. Mtaa ukampongeza. Nasikia kuna aliyechinja jogoo.

Kibali kilikuja siku ya kawaida, nikiwa nasuuza vyombo. Kambi ya kwanza ilikuwa imeshanipita, kibali kilikuwa cha likizo iliyofuata. Mjomba akapeleka pasipoti Nairobi mwenyewe, kwa basi, amelikumbatia faili njia nzima, akarudi na viza ya kazi imebandikwa ukurasa wa saba, ina picha yangu yenye kovu. Akaandika kwenye jalada: UMETOKA. Kisha akaniuliza kama sina kinyongo. Nitapata wapi kinyongo na mtu aliyekaa siku mbili kwenye basi kwa ajili yangu.

Tulipanga niondoke kimya. Mama, mama mdogo, mjomba na mie, basi. Mtu anayefanya kazi Asia haiwezekani asindikizwe kwenda Asia. Mama alivaa sare yake ya zambarau hata hivyo, akasema ni nguo kama nguo nyingine.

Tulipofika uwanja wa ndege, mlangoni pa abiria kulikuwa na zambarau nyingine. Walikuwa kama kumi, wametawanyika, kila mmoja amesimama kivyake kama hamjui mwenzake. Fundi viatu anasoma tangazo la mizigo. Muuza maandazi, ambaye nilikuwa nimemuaga kwa simu usiku wa jana yake, ameegemea nguzo yangu.

Mama akasimama. "Nyie mnafanya nini hapa?"

"Tumekuja kumpokea mgeni, Mama Mwalimu," muuza maandazi akajibu.

"Mgeni gani?"

"Hatumjui bado."

"Kwa sare?"

"Ndiyo nguo zilizokuwa safi."

Mama akawatazama mmoja mmoja. Nilimwona anahesabu: voisi, soksi nzito, pongezi, jogoo. Sikujua kama anataka kulia au anataka kugombana. Kisha macho yake yakashuka chini, kwenye gauni la muuza maandazi.

"Pindo lako limeachia," akasema.

"Tangu Jumanne ile."

"Na unatembea nalo hivyo hivyo."

Akapeleka mkono kwenye kilemba. Sindano ilikuwepo.

Niliwaaga wote, safari hii haraka, kwa sababu kulikuwa na ndege ya kweli. Mlinzi alikuwa yuleyule.

"Tiketi, dada."

Nikampa. Akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza, akaisoma tena kwa raha. "Na korosho?"

"Mpya. Za zamani ziliisha."

Nikageuka kumpungia mama. Hakuniona. Alikuwa amechuchumaa chini ya nguzo, uzi mdomoni, anashona pindo la jirani yake, na yule jirani amesimama wima kama mtoto anayepimwa nguo, ananipungia mikono miwili kwa niaba yao wote.